Pweza wa Andavadoaka na hesabu ya kufunga mwamba

Ukikaa kwenye semina ya uhifadhi wa bahari popote kati ya Lamu na Mtwara, hutakosa kusikia habari ya Andavadoaka. Kijiji cha wavuvi kusini magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004 wanakijiji walifunga kipande cha mwamba pweza wasivuliwe, walipokifungua wakavua pweza wakubwa na wengi, na tangu hapo kila mtu anawaiga. Habari hiyo ni ya kweli. Ila husimuliwa kwa kukatwa, na kinachokatwa ndicho chenye maana: kwa nini alichaguliwa pweza, kwa nini miezi michache ilitosha, na nani hasa alinufaika siku mwamba ulipofunguliwa. Anayeondoka na nusu ya kwanza tu anarudi kwao, anafunga mwamba wa changu kwa miezi mitatu, na baadaye analalamika kwamba uhifadhi ni maneno ya wafadhili.

Andavadoaka iko ufukweni mwa Mlango wa Msumbiji, kaskazini ya mji wa Toliara. Ni nchi kavu, ya mibuyu na vichaka vya miiba, mvua haba. Mtu hawezi kusema leo nimechoka na bahari, kesho nitalima. Wakazi wake ni Wavezo, watu wa ngalawa, ambao maisha yao yote yako majini na kwenye mchanga. Utafiti uliofanywa katika eneo hilo na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba uvuvi mdogo mdogo unaajiri asilimia 87 ya watu wazima na kuleta asilimia 82 ya kipato cha kaya. Na katika milo yenye protini, asilimia 99 protini hiyo hutoka baharini peke yake. Kwa watu kama hao neno "kufunga" ni zito. Ukimwambia mtu asivue, unagusa sufuria yake ya jioni ileile.

Pweza hakuwa tatizo hapo zamani. Alikuwa kitoweo, akikaushwa na kuuzwa kidogo kidogo. Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni za kusafirisha mazao ya bahari zilipoanza kufika vijijini na barafu, kupima kilo palepale na kulipa taslimu, mzigo ukapelekwa Ulaya. Ghafla shimo la pweza likawa mfuko wa fedha, na ni mfuko usiohitaji mtaji: huhitaji mashine, nyavu wala hata ngalawa. Maji yakipwa, unatembea.

Hili la kutembea linahitaji kuelezwa vizuri, maana ndilo linaloeleza kwa nini mwamba uliisha haraka. Pweza wa miamba yetu, yule yule wa Madagaska, Pemba na Kilwa, hukaa kwenye tundu na halifichi vizuri kama anavyodhani. Nje ya mlango huacha mabaki ya chakula chake: magamba ya kaa, kauri zilizotobolewa, vipande vya kombe. Mchanga wa mlangoni unakuwa umesafishwa, na mara nyingi mawe madogo yamevutwa kuziba njia, yamepangwa kwa namna ambayo wimbi haliwezi kuyapanga. Mchokoaji mzoefu anayaona haya akiwa hatua kadhaa. Anaingiza fimbo taratibu. Pweza akiishika, mkono unasikia mvuto laini, tofauti na mguso mkavu wa jiwe. Hapo fimbo ya pili, ya chuma, inaingia. Akishatoka, huyo ni kilo moja ya fedha, na kwa kawaida kipande cha mwamba pembeni ya tundu kimevunjika pia. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, mara mbili kwa mwezi, mamia ya miguu hupita juu ya matumbawe yaleyale wakifanya kazi hiyohiyo.

Miaka michache ilitosha. Pweza waliopimwa kwa wanunuzi walizidi kuwa wadogo, na watu walilazimika kwenda mbali zaidi.

Shirika la uhifadhi la Blue Ventures, lililoanzishwa na Alasdair Harris mwaka 2003, lilikuwa limeweka kambi Andavadoaka. Mazungumzo ya wazee wa kijiji, wanunuzi na watafiti yalizaa pendekezo dogo: kifungwe kisiwa kimoja cha mchanga na mwamba wake, Nosy Fasy, kwa pweza tu, kwa muda unaojulikana mwanzo na mwisho. Samaki wavuliwe kama kawaida. Miamba mingine yote iachwe wazi. Nosy Fasy ilifungwa Novemba 2004 ikafunguliwa Juni 2005.

Mtu anaweza kusema hilo halikuwa jambo kubwa. Mimi naona udogo wake ndio ulioliokoa. Wavezo hawakuombwa waamini kwamba bahari itawalipa watoto wao baada ya miaka ishirini. Waliombwa wasubiri miezi saba kwenye kipande kimoja huku wakiendelea kula kutoka vipande vingine, kisha waje waone kwa macho yao.

Kwa nini wakaona? Hapa lazima tumwangalie pweza mwenyewe.

Huyu ni mnyama anayeishi kwa kasi ya ajabu. Umri wake wote ni mwaka mmoja na kidogo, hata akibahatika kumkwepa samaki mkunga na binadamu. Akiwa mdogo anakula kaa na konokono wa bahari usiku na mchana na uzito wake unaweza kukaribia kuongezeka maradufu kwa mwezi. Pweza wa nusu kilo ambaye ungemchokoa leo na kulipwa nauli, ukimwacha miezi miwili au mitatu, unamkuta ni wa kilo moja na nusu au mbili. Hakuna samaki wa mwamba anayekua hivyo. Kufunga kwa miezi michache, basi, ni kuacha fedha ileile inenepe. Idadi ya pweza inaweza hata isiongezeke sana. Uzito ndio unaoongezeka.

Lakini kuna upande wa pili wa maisha yake, na huu semina nyingi huuruka. Jike huzaa mara moja tu. Anaingia kwenye tundu, anajiziba kwa mawe, anatundika mayai kwa makumi ya maelfu kwenye dari ya pango kama nyuzi za shanga, kisha anakaa nayo. Hali chakula. Anayapulizia maji safi na kuyapangusa wiki baada ya wiki, mpaka yanapoanguliwa, naye anakufa. Vitoto vyake havibaki mwambani. Vinaelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua chini, na vinaweza kutua kwenye mwamba wa kijiji kingine kabisa. Huko kusini magharibi mwa Madagaska watafiti walikuta kwamba nusu ya majike huwa wamekomaa wanapofikia uzito wa zaidi ya kilo mbili. Madume hukomaa mapema zaidi, wakiwa chini ya kilo moja.

Ukiyaweka haya mawili pamoja, utaona mtego. Kufunga kwa miezi miwili au mitatu kunamfikisha jike kwenye kilo mbili, yaani mlangoni mwa kuzaa, halafu siku ya kufungua tunakwenda kumtoa. Kijiji kimepata kilo nyingi, na pengine hakikupata mayai mengi kama kinavyojisifu. Faida ya uzazi, kama ipo, inategemea siku zenyewe za kufunga: zikiangukia majira ya kuatamia, majike watamaliza kazi yao, zikipishana nayo, mmefuga tu. Serikali ya Madagaska ilianza mwaka 2005 kufunga uvuvi wote wa pweza katika eneo hilo kwa wiki sita, kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari. Hatua hiyo haisifiwi sana kwenye masimulizi, kwa kuwa haina kijiji shujaa wala picha ya kufungua. Ila kwa mnyama ambaye watoto wake wanasafiri na mkondo, kufunga eneo zima kwa pamoja kuna mantiki ambayo kijiji kimoja hakiwezi kuifikia.

Sasa tuje kwenye takwimu. Kundi la watafiti likiongozwa na Thomas Oliver lilichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa mara 36 ambazo vijiji vya eneo hilo vilifunga miamba yao kati ya 2004 na 2011. Kwa kawaida kijiji kilifunga karibu sehemu ya tano ya eneo lake la kuvulia, kwa miezi miwili hadi saba. Walilinganisha siku 30 kabla ya kufunga na siku 30 baada ya kufungua. Pweza waliovuliwa kwenye mwamba uliofungwa waliongezeka kwa asilimia 718. Hii ndiyo namba inayotembea. Imo kwenye mabango, imo kwenye maombi ya ufadhili.

Ripoti hiyohiyo ina namba ya pili isiyotembea: alichopata kila mvuvi kwa siku kiliongezeka kwa asilimia 87.

Piga hesabu ya haraka haraka. Mzigo wote umekuwa zaidi ya mara nane ya kabla, lakini mzigo wa mtu mmoja haukufika hata mara mbili. Tofauti hiyo inatoka kwa watu. Waliokwenda kuvua baada ya kufungua walikuwa wengi mara nne au zaidi kuliko kabla ya kufunga. Sehemu kubwa ya ile asilimia 718 ni umati. Nosy Fasy yenyewe ilionja hilo mara ya kwanza: habari za kufungua zilienea, wakaja watu wa vijiji vingine ambao hawakufunga chochote, na pweza waliosubiriwa miezi saba wakavunwa kwa siku chache.

Sisemi haya kubeza. Asilimia 87 kwa mvuvi ni kitu kikubwa. Mwambie yeyote anayeuza chochote kwamba mauzo yake ya siku yatakaribia mara mbili, uone atakavyokusikiliza. Na kuna matokeo mengine ambayo mimi nayaona mazito kuliko hayo yote: kipato cha kijiji hakikushuka wakati mwamba ukiwa umefungwa, kwa kuwa watu walihamia sehemu nne za tano zilizobaki wazi. Ile hofu ya sufuria ya jioni haikutimia. Katika mara 36, mara 27 zilileta faida halisi kwa kijiji, wastani wa dola 305 kila walipofunga. Maana yake mara tisa hawakupata faida. Dola 305 kwa kijiji kizima si utajiri, na mara tisa katika 36 si bahati mbaya ya kupuuzwa; ni robo nzima.

Wavezo walijifunza kutokana na umati ule haraka kuliko washauri wao. Vijiji vilianza kufunga na kufungua kwa kupatana, ili mgeni asipate mwamba mmoja tu wa kuuvamia. Mwaka 2006 vijiji zaidi ya ishirini viliungana kuunda eneo moja la bahari linalosimamiwa na wenyewe, wakaliita Velondriake. Waliliwekea dina, sheria za kimila zenye faini ambazo wanajamii wanazipitisha wenyewe na mahakama inaweza kuzitambua. Mwaka 2007 Andavadoaka ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baada ya kuzoea kufunga kwa pweza, jamii hizo zilikubali jambo ambalo mwaka 2004 lisingesikilizwa hata kwa dakika tano: baadhi ya miamba ifungwe moja kwa moja, kisivuliwe chochote.

Miamba hiyo ya kudumu ndiyo inayoonyesha tofauti ya mnyama na mnyama. Ndani yake uzito wa samaki kwa jumla uliongezeka hadi kukaribia mara tatu. Ilichukua miaka sita. Pweza alijibu kwa miezi, samaki wakajibu kwa miaka, mwamba uleule na watu walewale. Chewa huchukua miaka kadhaa kukomaa, na aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike na baadaye kugeuka madume, kwa hiyo ukivua wakubwa wote umeondoa madume wote. Mwamba wa chewa ukifungwa miezi mitatu na kufunguliwa kwa shangwe, mmewakusanyia wavuvi chewa waliozubaa, basi. Hakuna aliyekua, hakuna aliyezaa. Jongoo bahari ni mgumu zaidi: wakishapungua sana wanakuwa mbali mbali mno kiasi kwamba mbegu na mayai wanayomwaga majini havikutani, na hata ukifunga miaka hali inaweza isirudi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "mbinu ya Madagaska", huwa nauliza: kwa kiumbe gani?

Mbinu hiyo ilisafiri mpaka ikafika kwetu. Mwaka 2012 kisiwa cha Rodrigues, katika Morisi, kilifunga uvuvi wake wa pweza kwa mfano huo. Pemba nayo, katika muongo uleule, Kisiwa Panza kilianza kufunga mwamba wake wa pweza kwa miezi mitatu mitatu, kikisaidiwa na Mtandao wa Jamii za Mwambao. Zanzibar ina kitu ambacho Wavezo walilazimika kukijenga kutoka mwanzo: kamati za wavuvi za shehia, yaani za ngazi ya chini kabisa ya utawala, zenye mamlaka ya kukaa, kupanga na kulinda. Mfumo upo. Maswali magumu ni yaleyale ya Nosy Fasy.

La kwanza ni la wageni. Pwani yetu ina wavuvi wa dago, yaani wa kambi za muda, wanaohama na kaskazi na kusi, na desturi ya kumkaribisha mgeni ni ya heshima. Huwezi kumwambia mtu aliyelala kambini kwenu kwa miaka asishuke mwambani siku ya kufungua. Lakini ukimruhusu kila mtu kwa usawa, walinzi waliokesha miezi mitatu wanapata fungu sawa na aliyefika jana na jahazi. Kamati inaweza kuweka ada ya siku ya kufungua, au kuwapa wenyeji siku za mwanzo, au kupatana na shehia jirani zifungue siku moja ili umati ugawanyike. Hii ya mwisho naipenda zaidi kwa kuwa haimfukuzi mtu.

La pili ni la wanawake. Kuchokoa pweza kwa miguu, bamvua maji yakiwa yamepwa, kwa sehemu kubwa ni kazi yao, Madagaska na kwetu pia. Wanaume huvua kwa kupiga mbizi upande wa kina. Sasa siku mwamba unapofunguliwa na pweza wa kilo mbili wamejaa, wanaume huacha mbizi na nyavu wakashuka nao, wenye nguvu wakatangulia. Aliyebeba gharama ya kusubiri ni mama aliyepoteza tundu zake za karibu na nyumbani kwa miezi mitatu. Anayevuna ni mwenye ngalawa ya kumfikisha kwenye ukingo wa mwamba kabla jua halijachomoza. Kamati yenye wanawake wawili wa kukaa kimya mwisho wa mkeka haiwezi kuliona hilo. Na kutakuwa na wizi wa usiku, na watu watashangaa kwa nini, wakati jibu liko kwenye namna walivyochagua sehemu ya kufunga: wamefunga mwamba wa karibu, wa wanaokwenda kwa miguu, kwa sababu ni rahisi kuulinda.

La tatu ni mizani. Madagaska iliweka uzito wa chini wa pweza kuwa gramu 350. Rudi kwenye ile kilo mbili ya jike kukomaa, uone umbali uliopo. Jike wa gramu 400 ni halali kabisa sokoni na hajakaribia hata robo ya safari ya kuzaa. Kufunga mwamba miezi mitatu kwa mwaka hakumsaidii huyu kwenye miezi tisa iliyobaki. Anayeweza kumsaidia ni mnunuzi, kwa sababu pweza wa biashara karibu wote hupita kwenye mizani chache, na mnunuzi anayekataa wadogo, au anayelipa bei ya juu zaidi kwa kilo ya pweza mkubwa, anafunga mwamba kila siku bila kuweka mlinzi. Ila gharama ya hapo inamwangukia moja kwa moja yule mama aliyerudi na pweza wawili wadogo na hana kingine cha kupima siku hiyo. Kama kampuni haiko tayari kubeba sehemu ya pengo hilo kwa bei, kiwango kitabaki kwenye karatasi, na pweza wadogo watauzwa jikoni na magengeni ambako hakuna mizani ya kampuni wala ya bwana samaki.